Umar bin Abdil-Aziz: Khalifa Aliyetafuta Amani kwa Njia ya Haki

Kila dola ipatapo khofu, kitu cha kwanza inachowanyang'anya raia wake ni haki zao. Watu huambiwa ya kuwa adui yuko mpakani au muasi yuko mtaani, na kwamba huu si wakati wa kuuliza nani amefungwa, kwa kosa gani, na kwa ushahidi wa nani. Amani ipatikane kwanza, haki zitafuata baadaye. Udhuru huu si mpya, wala haukuzuliwa na serikali za karne hizi. Ulikwisha kusemwa Damascus na Kufa zaidi ya miaka elfu na mia tatu iliyopita, na wakausema watu waliokuwa wakiswali na kufunga. Akatokea mtu mmoja katika wao, wa ukoo ule ule wa kifalme, akaukataa. Mtu huyo ni Umar bin Abdil-Aziz, khalifa wa nane wa Bani Umayya, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wengi wetu twamjua kwa uchaji wake na kwa nguo yake yenye viraka. Hayo ni kweli na ni mazuri, lakini leo twapenda kumtazama kwa upande mwengine: vipi alivyotenda yalipomfikia mambo ya vita, ya usalama wa dola, na ya haki za watu mbele ya mtawala.

Kuzaliwa kwake na malezi yake

Alizaliwa baada ya mwaka 60 Hijria, yaani karibu na mwaka 681. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri kwa muda wa miaka ishirini. Mama yake, Ummu Asim, alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin al-Khattab. Kwa hivyo damu mbili zilikutana ndani yake: ya nyumba iliyoufanya ukhalifa kuwa ufalme wa kurithiana, na ya yule ambaye Waislamu humtaja kila wataka kutoa mfano wa uadilifu.

Alipokuwa kijana alipelekwa Madina kusoma kwa wanavyuoni wa mji ule. Baba yake alipofariki, ami yake, Khalifa Abdul-Malik, alimwita Damascus akamwoza binti yake Fatima. Umar wa siku zile hakuwa zahidi. Alikuwa kijana wa kitajiri, mpenda mavazi ya thamani na manukato, mwenye mwendo wa maringo hata watu wakauigiza.

Mwaka 87 Hijria (706) Khalifa al-Walid, shemeji yake, alimfanya liwali wa Madina. Kitendo chake cha kwanza kilikuwa kuwakusanya wanavyuoni kumi wakubwa wa mji na kuwafanya baraza lake. Aliwaambia ya kuwa hatakata shauri bila ya rai zao, na akawataka wamfikishie khabari ya kila dhuluma itakayotendwa na wafanyakazi wake. Baraza la namna hii lilikuwa jambo geni katika zama zile, kwani maliwali wengi hawakutaka kusikia ila sauti zao wenyewe.

Jambo la Khubaib

Wakati huo Iraq ilikuwa chini ya al-Hajjaj bin Yusuf. Huyu alikuwa ndiye imamu wa wote wasemao kuwa amani haipatikani ila kwa upanga. Aliwaua watu wengi kwa dhana, akayajaza magereza. Na wanavijiji waliosilimu wakahamia mijini aliwarudisha makwao kwa nguvu na kuwatoza jizya, yaani kodi ya kichwa, kana kwamba hawakusilimu, kwa kuwa hazina ilihitaji fedha za vita. Watu wa Iraq wakawa wakikimbilia Hijazi, na Umar akiwapokea. Al-Hajjaj akamwandikia Khalifa ya kuwa Madina imekuwa maficho ya waasi. Mwaka 93 (712) Umar akauzuliwa.

Lakini kabla ya kuuzuliwa lilipita jambo ambalo mwenye kuandika maisha yake kwa insafu hana ruhusa ya kulificha. Katika Madina palikuwa na mtu mwema aitwaye Khubaib, mwana wa Abdullah bin al-Zubair, ambaye baba yake alipigana na Bani Umayya akauawa. Khalifa alimwogopa, akaandika kuamrisha apigwe. Umar akaitimiza amri. Khubaib alipigwa mijeledi hamsini, akamwagiwa maji ya baridi siku ya kipupwe, akasimamishwa mlangoni mwa msikiti, naye akafa.

Tangu siku ile Umar hakupata raha. Imesimuliwa ya kuwa kila aliposifiwa kwa wema na kubashiriwa kheri aliuliza itakuwaje naye Khubaib yuko njiani akimngoja. Hakusema kuwa yeye alikuwa mtumishi tu aliyepewa amri, wala hakusema kuwa usalama wa dola ulilazimisha. Alijua ya kuwa mkono uliopiga ulikuwa wake. Na sisi twaona ya kuwa hakuna awezaye kuyaelewa matendo yake ya ukhalifa asipolijua jambo hili. Kwani mtu huyu aliujua ubaya wa siasa ya khofu kutokana na kitendo chake mwenyewe.

Alivyopata ukhalifa

Mwaka 99 (717) Khalifa Sulaiman, nduguye al-Walid, alikuwa kambini Dabiq, kaskazini ya Sham, akiyasaidia majeshi yaliyouzunguka mji wa Constantinople, ambao leo ni Istanbul. Akashikwa na maradhi ya kufa. Mwanachuoni Raja bin Haiwa akamshauri amwandikie Umar ukhalifa. Sulaiman akaandika, na baada ya Umar akamtaja nduguye Yazid bin Abdil-Malik ili kuwaridhisha jamaa zake. Waraka ukatiwa muhuri, na watu wakatakiwa kumbai aliyemo ndani yake pasina kulijua jina lake.

Waraka ulipofunguliwa Umar hakufurahi. Alipanda mimbari akawaambia watu ya kuwa ametwishwa jambo hili bila ya yeye kuulizwa rai yake wala Waislamu kushauriwa, na kwamba anawavua baia iliyomo shingoni mwao, wajichagulie wamtakaye. Watu wakapiga kelele ya kuwa wamemchagua yeye. Hapo ndipo alipokubali.

Alipotoka aliletewa farasi wa kifalme, akawakataa akapanda nyumbu wake. Mkuu wa walinzi alikuja kutembea mbele yake na mkuki kama ilivyokuwa desturi, akamwambia aondoke, kwani yeye ni mtu kama watu wengine. Mkuu yule alikuwa Khalid bin al-Rayyan, aliyekuwa akikata vichwa kwa ishara ya makhalifa waliotangulia pasina kuuliza neno. Imepokewa ya kuwa siku moja, mtu mmoja alipomtukana Sulaiman, Umar alimshauri Sulaiman asizidishe zaidi ya kumrudishia tusi lake. Sulaiman akaamrisha auawe. Khalid akamwambia Umar baadaye ya kuwa alikuwa akingoja tu amri ya kumkata na yeye kichwa, na kwamba lau angeamriwa angelifanya. Basi Umar alipotawala, huyo alikuwa katika watu wa kwanza kuvuliwa kazi.

Vita alivyovisimamisha

Jambo kubwa lililokuwa mbele yake lilikuwa lile jeshi la Constantinople. Lilikwisha kupita kipupwe kikali mno, watu wakila wanyama wao kwa njaa, na bado ufalme ulikuwa ukiona haya kurudi. Umar akapeleka chakula na farasi, akaamrisha warudi. Wako waliouita udhaifu. Lakini mtawala mwenye kuyaacha maisha ya maelfu ya watu yateketee ili asiambiwe kuwa ameshindwa huwa analinda jina lake tu, wala halindi umma. Ngome moja katika nchi ya Warumi iliyokuwa mbali na hatarini, nayo aliwahamisha walinzi wake akawaleta Malatya.

Si kwamba aliacha ulinzi wa mipaka. Aliikomboa mateka ya Waislamu na kuzilinda bandari. Alilolikataa ni vita vya kutafuta ngawira vilivyovishwa vazi la dini.

Kisha likaja shauri la Samarqand. Mji huu ulitekwa na Qutaiba bin Muslim mwaka 93 (712), na wenyeji wake wakadai ya kuwa aliwaingilia kwa hila na uvunjaji wa ahadi. Qutaiba alikwisha kufa, na Waarabu walikwisha kujenga na kukaa. Wenyeji waliposikia ya kuwa kuna khalifa muadilifu wakapeleka mashitaka yao. Umar hakuwajibu ya kuwa jambo limepita, wala hakusema ya kuwa jeshi la Waislamu halishitakiwi. Alimwandikia liwali wake awawekee kadhi asikilize daawa. Kadhi, jina lake Jumai bin Hadhir, akasikiliza, akahukumu ya kuwa jeshi litoke mjini lirudi kambini, kisha pande mbili zianze upya, ama kwa suluhu mpya ama kwa vita vya sawa.

Na tutazame matokeo yake. Watu wa Samarqand, walipopewa haki yao, hawakuitaka vita. Walisema ya kuwa wamekwisha kuchanganyika na watu hawa na kukaa nao kwa salama, na vita havijulikani mwisho wake. Wakaridhia hali ilivyo. Hukumu ya kadhi mmoja ilileta utulivu ambao askari wa miaka saba hawakuuleta.

Usalama wa ndani

Liwali wake wa Mosul, Yahya al-Ghassani, alipofika kazini aliukuta mji umejaa wezi na wavunja nyumba. Akaandika kuuliza: je, awakamate watu kwa dhana na kuwapiga kwa tuhuma, au awashike kwa ushahidi kama ilivyo sharia? Umar akamjibu awashike kwa ushahidi, na kwamba wale ambao haki haikuwatengeza, basi Mungu asiwatengeze. Yahya mwenyewe alisimulia ya kuwa alifuata hivyo, na hakuondoka Mosul ila ilikuwa katika miji yenye amani zaidi na wizi mchache kabisa.

Liwali mwengine aliandika ya kuwa kuta za mji wake zimebomoka, akataka fedha za kuzijenga. Umar akamjibu auzungushie mji wake ukuta wa uadilifu, na azisafishe njia zake kwa kuondoa dhuluma. Na al-Jarrah bin Abdillah, liwali wa Khurasan, aliandika ya kuwa watu wa huko hawatengenei ila kwa upanga na mjeledi. Umar akamwambia amesema uwongo. Kinachowatengeza ni haki na uadilifu, basi awaeneze hayo.

Wala hayakuwa maneno matupu. Ulikuja ujumbe kutoka Khurasan, na ndani yake mtu mmoja katika mawali, yaani Waislamu wasiokuwa Waarabu. Akamweleza Khalifa ya kuwa wako mawali elfu ishirini wanaopigana pamoja na Waarabu bila ya mshahara wala posho, na wengine kiasi hicho hicho waliosilimu na bado wanatozwa kodi ya kichwa. Hebu tufikiri: mtu anaitwa vitani kuilinda dola, na dola hiyo haimhesabu kuwa ni wake. Umar akaamrisha jizya iondolewe kwa kila aliyesilimu. Watu wakasilimu makundi kwa makundi, na wakusanya kodi wakalia ya kuwa hazina itakauka. Al-Jarrah akataka kuwajaribu waliosilimu kwa kutahiriwa. Umar akamkumbusha ya kuwa Mtume alitumwa kulingania, hakutumwa kutahiri. Kisha, mwaka 100 (719), akamuuzulu.

Jambo jengine alilolikomesha ni ile ada ya kumlaani Sayyidna Ali juu ya mimbari, ambayo Bani Umayya waliifanya alama ya utiifu. Aliona ya kuwa kumlazimisha mtu atukane anachokitukuza ili ajulikane kuwa ni raia mwema si ulinzi wa dola, bali ni kupanda chuki. Na mali ambazo jamaa zake walizitwaa aliwarudishia wenyewe, akaanzia na zilizokuwa mkononi mwake.

Waasi wa Iraq

Mtihani mkubwa ulikuwa wa Khawarij. Mwaka 100 Bistam, aliyejulikana kwa jina la Shaudhab, alitoka Iraq na wapanda farasi themanini. Umar akamwandikia liwali wa Kufa asiwaguse maadamu hawajamwaga damu wala kufanya ufisadi. Ila apeleke mtu mwenye busara na askari elfu mbili wakae karibu yao kuwaangalia. Kisha akamwandikia Bistam mwenyewe ya kuwa amesikia ametoka kwa ajili ya ghadhabu ya Mungu, na hana haki ya hilo kuliko yeye. Basi na aje wajadiliane. Ikiwa haki iko upande wa Khalifa, waingie walimoingia watu. Na ikiwa iko upande wao, litatazamwa jambo lao.

Bistam akatuma watu wawili. Wakajadiliana na Khalifa, akawajibu mengi. Mwisho wakamuuliza suali moja: kwa nini amemwacha Yazid awe khalifa baada yake, naye anajua hali yake? Umar akajibu ya kuwa si yeye aliyemweka. Wakamuuliza: lau angekuwa na amana ya mtu mikononi mwake, angemkabidhi asiyeaminika? Akanyamaza, akawataka wampe muhula wa siku tatu.

Suali hilo liligusa mzizi wa mambo yote. Waasi wenye panga waliingia wakatoka salama, na Khalifa akakiri kwa kunyamaza kwake ya kuwa wamenena kweli. Wanahistoria wameandika ya kuwa Bani Marwan waliogopa asije akautoa ukhalifa mikononi mwao, wakamtilia sumu. Alifariki Dair Siman katika nchi ya Sham, mwezi wa Rajab mwaka 101 (720), umri wake haujapita miaka arobaini sana. Alitawala miaka miwili na miezi mitano.

Baada yake

Yazid aliposhika mambo, liwali wa Kufa aliharakisha kuwapelekea jeshi watu wa Bistam, kabla hawajapata khabari ya msiba. Walipoona askari wanawajia wakafahamu wenyewe ya kuwa hapana shaka yule mtu mwema amekufa. Wakapigana, wakalishinda jeshi moja baada ya jengine, mpaka walipozidiwa kwa wingi wakauawa. Damu nyingi ilimwagika kwa jambo ambalo Umar alikuwa ameliweka katika meza ya maneno.

Afrika ya Kaskazini alipelekwa Yazid bin Abi Muslim, aliyekuwa karani wa al-Hajjaj, akataka kurudisha siasa ya bwana wake: waliosilimu warudishwe vijijini na watozwe kodi. Walinzi wake wa Kiberberi aliwachora alama mikononi, na walinzi hao hao ndio waliomuua mwaka 102. Mwaka 122 (740) Mabarbari wote wakawaka moto wa uasi, na kodi na dharau zilikuwa katika sababu zake kubwa. Na Khurasan, ile ambayo al-Jarrah alisema haitengenei ila kwa mjeledi, ndiko zilikotoka bendera nyeusi mwaka 129 (747). Na mwaka 132 (750) ufalme wa Bani Umayya wa Sham ukaanguka.

Tunayojifunza

Hatusemi ya kuwa Umar aliwapa watu kila haki tunayoijua sisi. Hakuondoa ufalme wa kurithiana, na wasiokuwa Waislamu, ijapokuwa aliwalinda na dhuluma, hawakuwa sawa na Waislamu katika vyeo. Lakini mambo mawili yametubainikia katika maisha yake.

La kwanza ni kwamba haki za watu na usalama wa nchi havishindani hata kimoja kingoje chengine. Mosul ilitulia kwa ushahidi, Samarqand ikatulia kwa kadhi, na wapanda farasi wa Bistam walikaa bila ya kumwaga damu kwa sababu walisikilizwa. Palipotumika mjeledi, hesabu yake ililetwa baadaye, na ilikuwa nzito zaidi kuliko deni la mwanzo.

La pili ni chungu, nalo ni lile lililomo katika suali la wale watu wawili. Haki iliyosimama juu ya wema wa mtu mmoja huzikwa naye. Baraza lake la Madina liliondoka alipoondoka yeye. Kodi aliyoiondoa ilirudishwa. Waasi aliowasikiliza walichinjwa. Umar alikuwa na muda mchache, na siku tatu alizoziomba hazikumtosha. Lakini umma wa watu wale ulikuwa na miaka mingi, nao ulikaa ukingoja khalifa mwema mwengine ashuke badala ya kuzishika haki zake kwa mikono yake. Sisi nasi, tunaposoma khabari zake na kulia kwa mapenzi, tusitosheke na kuomba apatikane mtu kama yeye. Yatupasa tujue haki zetu, tuulize ushahidi anapokamatwa jirani yetu, hata ikiwa hatumpendi jirani huyo, na tusikubali kuambiwa ya kuwa muda wa kuuliza haujafika.

Bani Abbas walipoushika utawala waliyafukua makaburi ya makhalifa wa Bani Umayya huko Sham kwa kulipiza kisasi. Kaburi la Umar bin Abdil-Aziz hawakuligusa. Hakuacha mlinzi wa kulisimamia, wala jeshi, wala ukuta. Lililindwa na haki alizowapa watu alipokuwa hai.